Kilo 54.55: Mizani inayowarudisha vijana nyumbani siku ya usajili wa makurutu

KILA mara Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapowaalika vijana kusajiliwa kuwa makurutu, viwanja vya wilayani hujaa kabla jua halijachomoza. Kila mmoja ameshika bahasha ya vyeti, na wengi wamejizoesha kukimbia kwa majuma kadhaa. Wachache mno ndio waliokumbuka kujipima uzani.

Masharti yanayochapishwa katika matangazo ya usajili ni bayana. Urefu usipungue mita 1.60. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Msomaji makini atajiuliza desimali hiyo ya ajabu imetoka wapi. Asili yake ni ratili 120, kipimo cha enzi za Waingereza, zilizogawanywa kwa 2.2. Hesabu kamili ya ratili 120 ni kilo 54.43, kwa hivyo mkato huo umemwongezea kijana wa Kenya takriban gramu 120 za kubeba. Kwa anayekaribia mstari, hata hizo zina maana.

Sababu ya kuweka kiwango cha chini si vigumu kuielewa. Askari hutembea akiwa amebeba bunduki, risasi, maji na chakula. Kanuni ya tangu jadi katika majeshi mengi ni kwamba mzigo wa kupigania usizidi theluthi moja ya uzani wa mwili. Kwa mwenye kilo 54.55, theluthi hiyo ni kama kilo 18. Aliye mwepesi zaidi hubeba mzigo ule ule kwa misuli michache, na mifupa ya miguu huweza kupata nyufa katika majuma ya mwanzo ya mafunzo.

Hata hivyo, kipimo kimoja kwa watu wote kina kasoro yake. Wataalamu wa afya hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu la kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa la kawaida. Mwanamume wa mita 1.60 mwenye kilo 53 hupata 20.7, ni mzima kabisa, lakini mizani itamkataa. Mwenzake wa mita 1.80 mwenye kilo 55 hupata 17, maana yake amekonda kupita kiasi, naye atapita. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka wa 2019, hutajwa kuwa na takriban kilo 52. Ni dhahiri kwamba wepesi si udhaifu. Lakini ofisa aliye uwanjani hana ruhusa ya kujadili falsafa. Ana jedwali na mizani.

Aliyepungukiwa afanyeje? Mwili hujenga uzani wa maana kwa mwendo wa pole, kati ya robo kilo na nusu kilo kwa juma. Anayehitaji kilo tatu ajipe majuma sita hadi kumi na mawili. Tangazo la usajili hutoka majuma machache tu kabla ya siku yenyewe, na ndiyo sababu anayesubiri tangazo ndipo aanze kula huwa amechelewa.

Chakula chenyewe hakihitaji duka la kifahari. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa na njugu karanga za kusaga, githeri iliyozidishwa maharagwe, ndengu, omena, mayai, viazi vitamu, parachichi na ndizi vyatosha, mradi milo iwe mitatu na vitafunio viwili katikati. Nyongeza ya kalori 300 hadi 500 kwa siku ndiyo inayohitajika. Sambamba na hayo, kijana afanye mazoezi ya nguvu, kama vile kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kubeba mtungi wa maji, ili kinachoongezeka kiwe misuli wala si kitambi. Mbio zisiachwe, ila anayekimbia kilomita 15 kila asubuhi apunguze. Anachoma kile anachokila.

Anayekula vizuri na bado anakonda hana haja ya mlo mwingine bali daktari. Minyoo, kifua kikuu, kisukari na maradhi ya tezi ya shingo hupunguza uzani, na baadhi yake hugunduliwa kwa mara ya kwanza kijana anapojiandaa kwenda jeshini.

Mwandishi huyu huhuzunishwa zaidi na njia za mkato. Ipo ya kunywa maji mengi asubuhi ya usajili. Ni kweli kwamba lita mbili ni kilo mbili, lakini mtahiniwa huyo bado ana mbio za kukimbia, na maji yaliyozidi yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa, akapatwa na kifafa au akafa. Ya pili, iliyo hatari zaidi kwa kuwa haina kelele, ni tembe za kunenepesha zinazouzwa kichinichini. Nyingi huwa ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, au siproheptadini, dawa ya mzio. Ya kwanza hujaza uso maji, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa na misuli. Aliyeimeza kwa muda kisha akaiacha ghafla anaweza kuzirai, kwa kuwa mwili umesahau kujitengenezea homoni yake. Ya pili huleta usingizi. Hakuna hata moja inayojenga misuli.

Kwingineko tatizo ni kinyume. Wakenya wenye kibali cha makazi ya kudumu nchini Marekani wanaojiunga na jeshi la huko hukutana na kiwango cha juu. Hupimwa wanapojisajili, kisha hupimwa tena siku ya kuondoka kwenda mafunzoni, ambayo huweza kuwa miezi kadhaa baadaye. Aliyezidi jedwali la uzani hupimwa kwa futi ya kitambaa ili kukadiria mafuta ya mwili. Uhaba wa wanaofaa ulipozidi, jeshi la nchi kavu la Marekani lilianzisha, Agosti 2022 katika kambi ya Fort Jackson, kozi ya maandalizi ya hadi siku 90 kwa waliozidi kiwango kidogo.

Huko nako kuna wanaojikausha. Mwishoni mwa mwaka wa 1997, wanamiereka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa majuma machache wakijitoa jasho ili washushe uzani, na kanuni za mchezo huo zikabadilishwa. Kupungua kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ndiko kunakopendekezwa.

Kwa aliyefaulu hapa nchini na kupewa barua ya kuripoti Eldoret, uchunguzi wa afya hurudiwa afikapo. Ratiba ya chakula na mazoezi iendelee hadi asubuhi ya safari.