Saïo: jina tunalolitaja bila kulijua

Hapa Bukavu kila mtu anajua Kambi Saïo. Hata mtoto mdogo ukimtuma kule hatapotea njia. Kule Kinshasa nako kuna barabara inayoitwa Saïo. Lakini tukiuliza Saïo ni nini, wengi watanyamaza. Wengine watafikiri ni jina la chifu wa zamani ao la Mbeleji fulani.

Saïo haikuwa mtu. Ni mji wa mlimani, magaribi ya Etiopia, na leo unaitwa Dembi Dolo. Askari wa Kongo walipigana pale, wakashinda, na wengine wao wakabaki katika udongo wa kule. Jina la kambi yetu ni ukumbusho wa vita hiyo. Ubaya ni kwamba ukumbusho usioelezwa unakuwa sawa na jiwe lisilo na maandiko.

Vita yenyewe

Katika mwezi wa tano mwaka 1940, Wajeremani waliingia Ubeleji na kuikamata. Serkali ya Ubeleji ikakimbia, mwishoni ikafika London. Koloni la Kongo likabaki upande wa Waingereza, pamoja na shaba yake, dhahabu yake na watu wake. Waitaliani nao waliingia vitani mwezi wa sita mwaka ule, wakisaidiana na Wajeremani. Wakati ule walikuwa wanatawala Etiopia tangu mwaka 1936. Njo maana vijana wetu, ambao hawakuwa na neno lolote na Waitaliani, walitumwa kupigana nao.

Jeshi la koloni, lililoitwa Force Publique, lilivuka mpaka wa kaskazini-mashariki, likaingia Sudani, kisha likafuata njia za mto Nili mpaka Etiopia. Safari hiyo ilipita kilometa elfu moja. Katika mwezi wa tatu mwaka 1941 walikamata Asosa, halafu Gambela. Mwezi wa ine walifika chini ya mlima wa Saïo, na pale wakakwama.

Waitaliani walikuwa juu ya mlima, tena walikuwa wengi kuliko wao. Askari wetu walikaa chini, ng'ambo ya kijito cha Bortai. Chakula kilikuwa kidogo juu ya njia ndefu na maji machache ya mto. Kisha mvua ikaanza, na njia za magari zikageuka matope. Ugonjwa wa beriberi, ambao unatokana na chakula kibaya, ukawashika pamoja na kuhara damu. Wapo waliokufa bila kupigwa risasi hata moja. Tuseme wazi: njaa na ugonjwa viliua pale kama vile bunduki ilivyoua.

Mwezi wa sita jenerali Gilliaert alileta nguvu mupya. Tarehe 3 mwezi wa saba mwaka 1941 walishambulia, na siku ile ile jenerali Gazzera wa Waitaliani akaomba vita isimame. Tusisahau kwamba wakati huo Waingereza pia walikuwa wanamkaribia kwa upande mwingine. Lakini alijitoa mikononi mwa jeshi la Kongo. Majenerali 9, maofisa zaidi ya 300 na maelfu ya askari wakawa wafungwa.

Mawe yanasema nini?

Wabeleji walifurahia sana ushindi huo, kwa sababu kwao nyumbani walikuwa wameshindwa. Kwa hiyo jina la Saïo liliwekwa penye kambi na penye barabara. Kule Faradje, katika Haut-Uele, mnara ulijengwa kwa kukumbuka safari hiyo ya vita. Na katika Ubeleji kwenyewe, kule Schaerbeek, ukumbusho wa majeshi ya Afrika ulisimamishwa mwaka 1970.

Mawe hayo yanataja vita. Ni nani anataja watu? Tuangalie vita ya kwanza ya dunia. Jenerali Tombeur aliongoza jeshi lililokamata Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka 1916. Baadaye mfalme alimpa heshima ya kuitwa Tombeur de Tabora. Jina la mji likawa jina la jamaa yake. Lakini wapagazi zaidi ya laki mbili waliobeba risasi, unga na mizinga kwa vichwa na mabega, ni nani kati yao aliyepewa jina la Tabora? Wengi walikufa njiani, na kaburi lao hakuna anayelionyesha.

Jeshi la namna gani?

Hapa mwanafunzi mwenye akili anaweza kuuliza: «Mwalimu, jeshi hilo si ndilo lililopiga wababu wetu fimbo? Juu ya nini tuliheshimu?» Swali ni la haki, na hatupashwe kulikimbia.

Ndiyo, ni jeshi lile lile. Katika mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, miezi mitano tu kisha Saïo, wafanyakazi wa migodi kule Lubumbashi waligoma kwa kuomba mshahara unaofaa. Askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira, na makumi ya watu walikufa. Mwaka 1942 kazi ya lazima vijijini iliongezwa kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, juu ya mahitaji ya vita. Na mwaka 1944 askari wenyewe waliasi kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Wakati wote huo hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa.

Kwa hiyo kumheshimu askari aliyelala Saïo si kusifu ukoloni. Yule kijana hakuchagua vita, hakupanga siasa. Alipelekwa mbali, akavumilia njaa, akafanya kazi aliyopewa mpaka kufa. Tunamheshimu mtu, na historia tunaisema yote, tamu na chungu. Tukificha Lubumbashi, tunadanganya. Tukificha Saïo, tunamzika kijana yule mara ya pili.

Kazi yetu

Mwezi wa sita mwaka 2022, mfalme Philippe wa Ubeleji alimpa nishani kule Kinshasa mzee Albert Kunyuku, aliyetumikia jeshi hilo mpaka Birmania wakati wa vita ya pili. Mzee alikuwa na miaka 100. Heshima hiyo ilikuja kisha miaka karibu 80. Wenzake waliokwenda pamoja naye hawakuwa tena hapa kwa kuiona.

Tusingojee wengine watufanyie. Katika jamaa nyingi mungali kitabu cha jeshi cha babu, ao picha, ao medali iliyofungwa katika kitambaa, ao bibi kizee anayekumbuka jina la kaka yake aliyekwenda asirudi. Vitu hivyo vinaliwa na panya na kupotea katika vita na mahamo yetu. Kila shule ya sekondari inaweza kuwapa wanafunzi kazi moja: kuuliza nyumbani, kuandika jina, kijiji, na mahali mtu alipotumwa. Daftari la shule halina bei kubwa.

Kambi iko, barabara iko, mnara uko. Kinachokosa ni majina ya watu, na majina hayo yako kwetu manyumbani, si Bulaya.