Chawa wa angani: ndege zilizotengenezwa nyumbani, na swali lililookoa watu

Huku kwetu ukisema jirani yako anatengeneza ndege nyuma ya nyumba, wengine watacheka, na wengine watapunguza sauti, maana tangu utoto tumesikia habari za ndege za wachawi zinazoruka usiku. Leo, wasikilizaji na wasomaji wetu, tunazungumzia ndege za kweli, za mbao, kitambaa na moteri ya pikipiki, ambazo watu wa kawaida walizitengeneza kwa mikono yao na kuzirusha mchana mbele ya macho ya wote.

Historia hii ilianzia Ufaransa katika miaka ya 1930. Tunaileta hapa kwa sababu moja. Kila mara ndege inapoanguka au mtumbwi unapozama kwetu, swali la kwanza ni: kosa ni la nani? Mara chache tunafika kwenye swali la pili: sababu ni nini? Kwa watengenezaji wa ndege ndogo, ni swali hilo la pili lililookoa maisha.

Fundi wa redio aliyetaka kuruka

Henri Mignet alizaliwa mwaka 1893 magharibi mwa Ufaransa. Hakuwa injinia wa ndege. Ufundi wake ulikuwa wa umeme na redio. Tangu ujana alipenda ndege, akaanza kujitengenezea moja baada ya nyingine, akizipa namba pamoja na herufi za jina lake: HM.1, HM.2, na kuendelea. Nyingi hazikuruka vizuri. Ile ya nane, HM.8, iliruka, na watu wengine wakaitengeneza kwa kufuata michoro yake.

Lakini Mignet alikuwa na shida moja: kuiongoza ndege kulimsumbua. Ndege ya kawaida inataka mkono na miguu vifanye kazi pamoja. Mkono unashika fimbo inayoinua au kushusha pua na kulaza mabawa upande huu au ule. Miguu inasukuma pedali za usukani wa mkia. Rubani akikosea kuvipatanisha wakati ndege inakwenda polepole, ndege inaweza kuanguka huku ikizunguka kama jani. Mignet aliwaza kwamba kama jambo hilo linamsumbua yeye, basi linawasumbua watu wengi. Akaamua kuondoa ugumu huo wote.

Ndege yake ya namba 14 haikuwa na pedali za kuongozea. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele juu na jingine nyuma yake, chini kidogo, karibu sana. Bawa la nyuma lilifungwa lisicheze. Bawa la mbele lilishikwa na bawaba, hivyo rubani akivuta fimbo, bawa zima linainuka mbele na ndege inapanda. Akisukuma fimbo pembeni, usukani wa mkia unageuka. Basi. Bawa la mbele lilikuwa na upana wa mita kama 6, na ndege nzima ilikuwa na urefu usiofika mita 4, yaani kama chukudu mbili kubwa zikipangwa moja nyuma ya nyingine. Moteri ilikuwa ya aina ya pikipiki, yenye nguvu za farasi 17 hivi.

Mignet na mke wake walipiga hema mashambani karibu na Soissons, kaskazini-mashariki mwa Paris, wakaijaribu huko. Iliruka mara ya kwanza tarehe 10 mwezi wa kenda 1933. Aliiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani.

Kitabu kilichowasha moto

Mwaka 1934 Mignet alitoa kitabu chenye michoro yote: mbao za kuchagua, namna ya kubandika tripleksi kwa gundi, namna ya kufunga moteri, na hata namna ya kujifunza kuruka peke yako, kidogo kidogo, kwanza kwa kukimbia tu chini. Wakati ule uchumi wa Ulaya ulikuwa umeanguka na ndege ilikuwa kitu cha matajiri. Huyu hapa mtu anayesema kwamba karani, mwalimu au fundi wa baiskeli anaweza kuwa na ndege yake.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1935, na nakala za kwanza zikaisha haraka. Mwezi wa nane mwaka huo, Mignet mwenyewe alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza katika ndege yake ndogo. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Mamia walianza kupiga randa na kupaka gundi katika vibanda vyao. Uingereza peke yake iliandikisha zaidi ya ndege 100 za aina hiyo.

Habari za vifo

Kisha zikaanza kuja habari mbaya. Katika mwaka 1936 watu walikufa Ufaransa na Uingereza, na masimulizi ya walioshuhudia yalifanana. Ndege inaruka vizuri, inainamisha pua, na haiinuki tena mpaka inagonga ardhi.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema wanaokufa ni watu wasiojua kuruka. Wengine walilaumu gundi, mbao au moteri. Na kweli kulikuwa na makosa ya namna hiyo. Baadhi ya watengenezaji hawakufuata michoro. Walifunga moteri nzito kuliko ile ya Mignet, au walisogeza kiti, na uzito ukahama kutoka mahali pake. Anayepakia mtumbwi anajua: mzigo uleule ukiuweka vibaya, chombo kinabadilika tabia.

Lakini maelezo hayo hayakutosha, kwa sababu miongoni mwa waliokufa walikuwamo marubani wa jeshi, watu wenye uzoefu wa miaka. Kama ni kutojua kuruka, mbona hao nao wamekufa?

Upepo ndani ya nyumba

Hapo ndipo lilipokuja swali la pili. Wafaransa waliichukua Chawa nzima wakaiweka katika jengo la majaribio la Chalais-Meudon, karibu na Paris. Waingereza walifanya vilevile Farnborough. Hayo ni majengo yenye feni kubwa mno zinazovuta upepo wenye nguvu. Ndege imefungwa, haiendi popote, lakini upepo unaipitia kama vile inaruka, na mizani inapima kila nguvu inayoivuta juu, chini au pembeni. Hakuna anayekufa ndani ya jengo hilo. Unaweza kuinamisha pua ya ndege kadiri unavyotaka na kusoma namba.

Namba zilionyesha jambo ambalo Mignet hakulijua. Kati ya bawa la mbele na bawa la nyuma palikuwa na nafasi nyembamba. Rubani alipovuta fimbo kwa nguvu, bawa la mbele liliinuka upande wa mbele na kushuka upande wa nyuma, na nafasi ile ikazidi kubanwa. Wewe unayemwagilia bustani kwa mpira unajua kinachotokea ukiubana mdomo wake kwa kidole: maji yanatoka kwa kasi. Hewa nayo ilipita pale kwa kasi, juu ya bawa la nyuma, na bawa la nyuma likavutwa juu. Mkia ukiinuka, pua inashuka.

Sikilizeni vizuri jambo hilo. Ndege ikiwa imeshainama sana, rubani anafanya kile alichofundishwa, yaani kuvuta fimbo ili pua ipande. Badala ya kupanda, pua inazidi kushuka. Anavuta zaidi, naye anazama zaidi. Aliyekufa alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa limejengwa ndani ya chombo, na kila aliyefuata michoro kwa uaminifu alilijenga upya.

Kwa familia za marehemu, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Kabla ya majaribio, ndugu yao alionekana mzembe. Baada yake, ilijulikana kwamba hata rubani hodari hangeweza kupona.

Kilichofuata

Serikali ya Uingereza iliacha kutoa ruhusa kwa ndege hizo. Nyingi zilibaki vibandani mpaka zikaoza. Mignet hakukimbia. Alibadilisha nafasi kati ya mabawa na kuweka mipaka ya uzito, akaendelea kuchora ndege mpya mpaka alipofariki mwaka 1965. Ndege za ukoo wa Chawa, zilizorekebishwa, bado zinaruka Ufaransa hadi leo.

Hata hivyo, wapenda ndege wa nchi nyingine walikuwa wameona jinsi ruhusa inavyoweza kupotea kwa mwaka mmoja. Marekani kulikuwa na mafundi wa aina hiyo. Mwaka 1929, katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, Bernard Pietenpol alirusha ndege ya mbao yenye moteri ya gari la Ford, na michoro yake inafuatwa mpaka sasa. Lakini sheria za Marekani ziliwabana mafundi hao. Mwaka 1947 George Bogardus, mtu wa Oregon, alipanda ndege yake ndogo ya kutengenezwa nyumbani akavuka nchi nzima mpaka Washington, ili wakubwa waione kwa macho yao na kuipa nafasi katika sheria. Nafasi hiyo ilipatikana. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha EAA katika mji wa Milwaukee, na leo ndege za nyumbani zilizoandikishwa Marekani ni zaidi ya 20,000.

Namna wanavyofanya kazi inatufaa kuijua. Mtu lazima awe amejenga sehemu kubwa ya ndege yeye mwenyewe, ili ajue kilichomo ndani. Kazi inaandikwa na kupigwa picha hatua kwa hatua. Kabla ya kufunika bawa kwa kitambaa, fundi mwenye uzoefu anaitwa aangalie viungo na gundi, kwa sababu baadaye havitaonekana tena. Ndege inapimwa kwenye mizani ili ijulikane uzito umekaa wapi. Saa za kwanza za kuruka, mara nyingi 25 mpaka 40, zinafanyika mbali na makazi ya watu na bila kubeba abiria. Ndani ya ndege linabandikwa neno linaloeleza kwamba hiki ni chombo cha majaribio, ili anayepanda asidanganywe. Kila mwaka inafunguliwa na kukaguliwa upya, na anayeirekebisha anaandika tarehe, kifaa alichobadilisha, na jina lake.

Ukiangalia orodha hiyo, kazi nyingi ni za mtu mwenye kalamu, mizani na subira.

Na sisi?

Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, ndege ndogo ya abiria ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo, Goma, muda mfupi baada ya kuruka kuelekea Beni. Watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwemo waliokuwa chini, katika mtaa wao. Ile ilikuwa ndege ya kiwandani, haikutengenezwa nyumbani. Lakini familia zilizofiwa katika ajali za namna hii zina haki ileile waliyoipata wale wa 1936: kuambiwa sababu, kwa maneno ya kueleweka. Kusema ni mapenzi ya Mungu kunafariji moyo. Hakumsaidii abiria wa kesho.

Hatuna majengo ya upepo. Tuna watu wenye mikono. Chukudu zinazobeba viazi na makala kutoka milimani zimechongwa na watu ambao hawakusoma chuo cha ufundi. Katika kambi za wahami, watoto wanatengeneza magari kwa waya na vipande vya bidoni, na baadhi yao usukani unageuza magurudumu kweli. Akili ya Mignet haiko Ufaransa peke yake.

Kinachopungua mara nyingi ni kaye ya fundi. Fundi wa pikipiki akibadilisha breki leo, kesho kutwa nani anakumbuka? Chukudu ikivunjika ekseli mteremkoni na kijana akaumia, aliyeichonga anaitengeneza upya vilevile, kwa mti uleule, kwa sababu hakuna aliyekaa kuuliza ilivunjikia wapi. Kaye moja ya shule na kalamu vinatosha kuanza: tarehe, kilichovunjika, kilivunjika namna gani, nimebadilisha nini. Na kabla ya kubeba mtu au mzigo wa mtu, jaribu chombo kikiwa kitupu, mahali pasipo watu.

Mafundi mlio katika mitaa, na ninyi mlioko kambini mkiendelea na kazi zenu kwa vyombo vichache mlivyokimbia navyo, tungependa kusikia namna mnavyojaribu kazi yenu kabla ya kumkabidhi mteja. Tutasoma majibu yenu hewani.