‘Step aside’: Kupisha si kujiuzulu

Kitenzi cha Kiingereza ‘step aside’ kina maneno mawili: ‘step’, yaani kupiga hatua, na ‘aside’, yaani kando. Maana yake ya msingi ni kusogea kando ili mwingine apite. Mlinzi anayewaomba watu wasogee ambulensi iingie hospitalini hukitumia pasipo utata wowote.

Utata huzuka katika lugha ya utawala. Nchini Kenya, kiongozi anayetuhumiwa anapoambiwa ‘step aside’, hutakiwa kuondoka ofisini kwa muda ili kupisha uchunguzi. Akiondolewa lawama, aweza kurejea. Mathalani, Moses Wetang’ula aliondoka katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni Oktoba 2010, kupisha uchunguzi kuhusu ununuzi wa ubalozi jijini Tokyo. George Saitoti alikaimu wadhifa huo hadi Wetang’ula aliporejea Agosti 2011. Aliyeandika kwamba waziri huyo ‘amejiuzulu’ angekuwa na kibarua cha kueleza alirudije katika kiti alichokwisha kukiacha.

Kujiuzulu ni kuacha cheo moja kwa moja. Kuuzulu ni kumwondoa mtu madarakani. Anayejiuzulu hujiondoa mwenyewe. Kiingereza husema ‘resign’.

Kung’atuka nako hukaribiana na ‘step down’: kuwaachia wengine uongozi kwa hiari na heshima. Neno hilo lilienezwa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyelitoa katika lugha yake ya Kizanaki, na hukumbukwa zaidi kwa hatua yake ya kuacha urais wa Tanzania mwaka 1985.

Kusimamishwa kazi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hapo mhusika hana hiari. Chini ya sheria ya Kenya ya 2003 ya kupambana na ufisadi, afisa wa umma aliyeshtakiwa kwa kosa hilo husimamishwa kazi na kulipwa nusu mshahara.

Kisarufi, ‘step aside’ hakichukui yambwa. Mtu hupisha mwenyewe. Hakuna anayeweza ‘kumstep aside’ mwenzake, ijapokuwa kauli hiyo husikika mitaani. Akiondolewa kwa amri, iandikwe kwamba amesimamishwa au amefutwa.

Kwa hivyo, tafsiri inayofaa ni ‘kujiondoa kwa muda’ au ‘kupisha uchunguzi’. Anayeteleza hapa humvua mtu cheo ambacho angali nacho, na kuwaaminisha wananchi kwamba kiti ki wazi ilhali mwenyewe angali anangojea kukirudia.