Kutoka Daraja hadi Mizani: Historia na Istilahi ya Kupima Uzito kwa Umeme

Makala haya yanafuatilia historia ya saketi inayotumika katika mizani nyingi za kisasa, zikiwamo za kupimia malori barabarani. Dereva anayedaiwa faini huona tarakimu tu. Jinsi tarakimu hizo zinavyopatikana ni nadra kuelezwa kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba historia ya saketi hii inatupatia istilahi iliyo wazi kuliko tafsiri ya neno kwa neno.

Mwaka 1833, Mwingereza Samuel Hunter Christie alieleza mpangilio wa kulinganisha ukinzani wa nyaya. Mwaka 1843 Charles Wheatstone aliueneza, akikiri kwamba Christie alimtangulia; hata hivyo, jina lililodumu ni la Wheatstone. Yeye mwenyewe hakuuita daraja, bali kipimio cha tofauti ya ukinzani. Mwaka 1856 William Thomson alionyesha kuwa ukinzani wa waya hubadilika waya unapovutwa. Mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, Wamarekani wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, walibandika waya mwembamba juu ya kitu kinachopimwa. Hiyo ndiyo geji ya mnyumbuko.

Tatizo lililobaki ni udogo wa badiliko lenyewe. Saketi yenye unyeti wa milivolti 2 kwa kila volti, ikipewa volti 5, hutoa milivolti 10 tu inapobeba mzigo wake wote. Kigeuzi cha dijitali, yaani kifaa kinachogeuza volti kuwa tarakimu, kikiwa cha biti 12 na upeo wa volti 5, hugawa upeo huo katika ngazi 4,096, kila moja takriban milivolti 1.2. Mzigo wote wa tani 10 ungeishia katika ngazi 8. Kila ngazi ingezidi tani moja. Kwa hiyo, kikuza ishara huwekwa kati ya viwili hivyo. Kikikuza mara 400, milivolti 10 huwa volti 4, na kila ngazi huwakilisha takriban kilo 3.

Tatizo la pili ni kuyumba kwa umeme. Volti 5 zikishuka, ishara ya saketi nayo hushuka hata kama mzigo haukubadilika. Suluhisho ni kukipa kigeuzi volti hiyohiyo inayolisha saketi iwe kipimo chake cha rejea. Vyote viwili hushuka pamoja, na uwiano wao hubaki uleule.

Hapa ndipo istilahi inapohusika. Neno daraja humpeleka mwanafunzi mtoni au kwenye vyeo. Mizani, kinyume chake, humpeleka kwenye ulinganishaji wa pande mbili, ambao ndio kiini cha kazi ya Christie na Wheatstone, na pia cha uwiano tulioueleza. Tunapendekeza istilahi mizani ya ukinzani, huku daraja la Wheatstone likibaki kisawe chake. Dereva atakayeuliza, "Mizani hii inalinganisha nini na nini?" atakuwa ameuliza swali ambalo fundi anapaswa kuwa na jibu lake, tena kwa lugha wanayoielewa wote wawili.