Saa ya Seva na Saa ya Hombolo: Historia ya Majira katika Hifadhidata

Hombolo iko karibu na nyuzi 36 mashariki, ilhali saa rasmi ya Tanzania hufuata nyuzi 45. Kwa wastani, jua hufika utosini pale takribani dakika 36 baada ya saa sita mchana. Pengo hilo halimsumbui mkulima wa zabibu. Mtunza kumbukumbu, hata hivyo, analazimika kukiri kwamba saa rasmi ni makubaliano, na makubaliano hayo yamewahi kubadilika.

Hifadhidata ya kanda za saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, iliandika kuwa Dar es Salaam iliitangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8 hadi 1931. Saa 3 hadi 1948. Saa 2 na dakika 45 hadi 1961. Kisha saa 3 tena. Baadaye watunzaji wake waliunganisha kanda zilizolingana tangu 1970. Dar es Salaam ikawa jina linaloelekeza Nairobi, yenye saa 3 mfululizo tangu 1942. Robo saa ya Tanganyika ikatoweka katika seva nyingi.

Athari yake si ndogo. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Julai 1955, ikiingizwa kama usiku wa manane kwa kanuni ya Nairobi, huhifadhiwa kama 21:00 ya saa ya ulimwengu, 30 Juni. Ikisomwa na seva yenye kanuni ya zamani, hutokea 23:45, 30 Juni. Mtumishi anayestaafu akitimiza miaka 60 huhamishwa hivyo kutoka mwaka mmoja wa fedha hadi mwingine. Tarehe ya namna hiyo ilistahili kuhifadhiwa kama tarehe tupu, isiyo na saa wala kanda.

Ulaya hubadili saa kila Machi na Oktoba, na makosa ya seva hujitokeza upesi. Tanzania haijabadili tangu 1961. Utulivu huo huyaficha. Seva iliyoachwa kwenye saa ya ulimwengu huyahesabu malipo ya 1 Julai yaliyofanyika kabla ya saa tisa usiku kuwa ya 30 Juni, yaani ya mwaka uliofungwa. Kwa wahasibu wanaofundishwa katika Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, hiyo ni hoja ya ukaguzi kabla ya kuwa hoja ya kompyuta.

Aidha, karani anayeambiwa mtoto alizaliwa “saa nane usiku” hana budi kuandika 02:00. Akiandika 08:00, hakuna mpangilio wa seva utakaolitambua kosa hilo.