Simba wa Tsavo na Ukweli wa Kihistoria katika Filamu

Wahakiki wa filamu za Roma ya kale wamezoea kuhesabu makosa. Katika Gladiator (2000), Kaisari Commodus anauawa uwanjani mbele ya halaiki, ilhali historia yasema alinyongwa mwaka 192 na Narcissus, mpiga mieleka. Shujaa Maximus naye ni wa kubuni. Lakini kuhesabu makosa si uhakiki. La kuuliza ni kosa hilo lamtukuza nani.

Swali hilo lina uzito zaidi Afrika ya Mashariki. The Ghost and the Darkness (1996) yahusu simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya marefu shingoni. Wale wa kweli, waliohifadhiwa Chicago, hawakuwa nayo. Hilo ni dogo. Kubwa ni Remington, mwindaji wa Kimarekani aliyebuniwa. Patterson ndiye aliyewaua simba wote wawili. Filamu imeigawa sifa yake baina ya wazungu wawili, basi. Vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika, kwa sehemu kubwa, wamebaki wa kuliwa na kukimbia. Hata Samuel, Mwafrika anayesimulia, husimulia ushujaa wa hao wawili.

Kwa mtazamaji wa Kola, huko Machakos, reli hiyo ina kisa kingine. Iliuacha mji wa Machakos kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakauhama mji huo mwaka uo huo. Kisa hicho hakina simba, na filamu haikigusi.