Fundi Mitambo katika Nchi ya Pamba na Dhahabu

Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike habari za kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka arobaini. Wenzangu wengi tuliomaliza nao kidato cha nne mwaka 1976 walikwenda kuwa mabwana shamba, walimu, makarani wa benki na hata wakubwa serikalini. Mimi nilikuwa yule mtu anayekaa kando ya jukwaa na bisibisi mfukoni. Dansi likienda vizuri, watu humpigia makofi mwimbaji. Likienda vibaya, wote humgeukia fundi mitambo. Silalamiki. Ila nimeona nisieleze maisha yangu peke yake, bali namna sauti kubwa ilivyoingia mkoani kwetu na upande wa Geita, maana ndugu waliokuwamo katika kazi hiyo tunazidi kupungua.

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya umeme hapakuwa na ufundi wa sauti katika nchi hii. Sote tuliokulia Usukumani tunayajua mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanza katika karne ya 19. Baada ya mavuno, pande mbili huingia uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake. Kwa hiyo sauti ilikuwa silaha. Ngozi za ngoma ziliwekwa karibu na moto hadi zikaze, na utotoni nilimwona mzee mmoja akiliacha kundi lake na kutembea hatua kama mia, akasimama akisikiliza, kisha akarudi na kuamuru ngoma zihamishwe upande upepo unakotoka. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na mitambo ya wati mia kadhaa, bado nilifanya kama yule mzee: niliacha swichi zangu nikaenda kusimama nyuma kabisa ya watu.

Umeme wenyewe ulifuata madini. Mwaka 1940 Dr. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na pale pakaota mji wa mgodi wenye taa, hospitali, klabu na uwanja wa ndege, wakati sisi wa vijiji vya jirani tukisoma kwa chemli. Geita nako mgodi wa dhahabu wa wakoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Gitaa la umeme linataka soketi, na soketi zilikuwa mgodini, mjini na katika majengo machache ya serikali na misheni. Reli nayo ilikuwa imekwisha kufika Mwanza tangu mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, hivyo bendi za Tabora kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilikuwa majirani zetu wa garimoshi.

Jambo ambalo vijana wa leo hawalielewi kwa urahisi ni kwamba siku hizo wapigaji wengi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya chama, jeshi, shirika au tajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi lilikuwa na yake. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo, aliondoka na sauti yake tu. Fundi aliondoka na bisibisi.

Mimi niliianza kazi hii shuleni kwetu. Mtaikumbuka amplifaya moja na honi mbili zilizofungwa katika ukumbi wa mabati, na ile filimbi kali iliyokuwa ikipasua masikio kila mara mkuu wa shule alipoanza kusoma matangazo. Mwaka 1975 mwalimu wetu wa fizikia alinipa ufunguo wa kabati, akaniambia nitafute sababu. Sababu ni nyepesi: sauti inatoka katika honi, inaingia tena katika kipaza sauti, inakuzwa, inatoka, inaingia, hadi mtambo unapiga kelele wenyewe. Nilizisogeza honi zikawa mbele ya mkuu wa shule badala ya nyuma yake, filimbi ikakoma. Haikugharimu hata senti. Nadhani siku ile ndipo nilipopotea njia ya ualimu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata kumiliki spika nyingi kulitaka maelezo. Spea hazikuwapo. Karatasi ya spika ilipopasuka tuliibandika kwa gundi na kitambaa chepesi. Koili ilipoungua tuliisuka upya kwa mkono, tukitumia waya uliofumuliwa kutoka transfoma iliyokufa, na tukihesabu mizunguko kwa sauti kama watoto wa chekechea, maana ukikosea unaanza upya. Ahueni ilianza mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje. Hapo mitambo mipya ikaanza kuonekana kwa wafanyabiashara, na pamoja nayo ukaja ugonjwa mpya: kila tajiri alitaka spika nyingi kuliko mwenzake.

Hapa naomba niwachoshe kidogo kwa hesabu. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 ukiibebesha 2, itapiga kwa nguvu nusu saa, kisha itatoa moshi. Tena, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, wakati katika uwanja wa wazi msikilizaji akisimama mbali mara mbili anapoteza karibu desibeli 6. Kwa hiyo mara nyingi dawa haikuwa kuongeza mitambo, bali kuinyanyua spika juu ya bodi la lori ipite vichwa vya watu wa mbele. Matajiri hawakupenda ushauri huo, kwa kuwa haukuwa na kitu cha kununua.

Na hali ya hewa yetu ina hila zake. Saa kumi jioni, ardhi ya Shinyanga ikiwa bado inachemka, sauti hupinda kwenda juu na watu wa nyuma hawasikii vizuri. Saa tatu usiku ardhi imepoa, na muziki ule ule unasikika hadi kijiji cha pili. Fundi mgeni alijaribisha mitambo mchana, akaweka sauti juu, na usiku akashangaa kuona wazee wanakuja na fimbo.

Kazi yetu ilifuata fedha. Pamba ilipolipwa tulizunguka Maswa, Kahama na Shinyanga vijijini. Kisha katika miaka ya 1980 vijana wengi wakakimbilia dhahabu, Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, na sisi tukawafuata. Gridi ya taifa ilipofika Shinyanga na Mwanza mwishoni mwa miaka hiyo, machimbo hayo yalikuwa bado gizani, hivyo tulibeba jenereta. Ukitokea Mwanza ulivuka kwa kivuko cha Busisi, na nimekwisha kulala pale kando ya maji nikiwa nimekumbatia boksi la spika. Sasa kuna daraja, lililofunguliwa mwaka 2025.

Katika machimbo mojawapo, ambayo sitayataja, mwaka 1989, ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, maana ndilo lililonifanya nikubali ombi la mhariri.

Kila fundi mitambo anaufahamu mngurumo. Unaunganisha amplifaya mbili tatu, unasikia mmm nzito isiyokwisha chini ya muziki. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba mitambo imeungana kwa njia mbili, kwa waya za sauti na kwa waya za ardhi, ambao mafundi twauita waya wa erthi. Sasa, katika dhiki ile, sisi sote tulijua dawa ya dakika moja: fungua plagi, ukate waya wa erthi. Mngurumo unakoma papo hapo. Nilikuwa hodari kwa hilo. Bendi zilinitafuta kwa sababu mitambo yangu ilikuwa kimya kama usiku, na mimi sikumwambia mtu siri yenyewe.

Usiku ule amplifaya ya gitaa ilikuwa imetikisika siku mbili juu ya lori. Ndani yake waya wa moto ulikuwa umechubuka na kugusa bodi la chuma. Kama erthi ingekuwapo, fyuzi ingekatika mara tu tulipowasha, nami ningetukana kidogo na kutengeneza. Lakini erthi niliikata mwenyewe. Bodi likabaki na umeme, na nyuzi za gitaa zimeungana na bodi. Mpigaji alikuwa amevaa viatu vya mpira, amesimama juu ya mbao kavu, kwa hiyo hakusikia kitu. Alipiga nyimbo mbili. Katika wimbo wa tatu alisogea aitikie, midomo yake ikagusa kipaza sauti, ambacho kilikuwa kimeungwa kwenye mtambo mwingine wenye erthi yake kamili.

Hakupiga ukelele. Mkono wake wa kushoto ulikaza juu ya gitaa kama anayebana nota, akaanguka nalo. Watu walicheka, wakidhani ni mchezo wa jukwaani. Kijana wetu wa jenereta, ambaye hakusoma hata darasa la saba, ndiye aliyeelewa kwanza, akaizima. Gizani niliusikia umati ukinyamaza kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini vidole viwili vya mkono ule viliungua hadi ndani na havikukunjika tena sawasawa. Alijaribu kuhamia kwenye tumba, kisha akarudi kwao kulima. Nilimweleza ukweli miezi mitatu baadaye, nyumbani kwake, mbele ya mama yake. Mama yule aliuliza swali moja tu: huo mngurumo wenyewe ulikuwa unaumiza nani? Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nilijifunza njia ndefu. Mitambo yote hupata umeme kutoka sehemu moja na erthi moja. Mngurumo ukiwapo, unakatwa kwenye ngao ya waya wa sauti, upande mmoja tu, au unatiwa kisanduku chenye transfoma ndogo katikati. Kabla mwimbaji hajapanda, testa inagusishwa kwenye kipaza sauti na kwenye nyuzi za gitaa. Na chuma cha erthi kinachimbiwa hata kama tunapiga kwa saa mbili. Katika udongo mkavu wa kwetu chuma kitupu hakisaidii sana, kwa hiyo tulimwagia maji ya chumvi pale kilipozama, watu wakinong'ona kwamba bendi inafanya dawa. Niliwaacha waamini hivyo.

Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Umeme umeenea, na vijana wanarekebisha sauti kwa kioo cha simu wakiwa wamesimama katikati ya watu, jambo ambalo yule mzee wa ngoma angelipenda sana. Mitambo yao inashinda yetu kwa kila kipimo.

Mwaka jana nilialikwa arusini Kahama. Muziki ulikuwa safi, bila mngurumo hata chembe, nami sikuweza kula. Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikaishika plagi: pini ya erthi haikuwapo. Nikamwuliza kijana aliyekuwa zamu. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, shikamoo. Nikiiacha inanguruma."

Nikaitikia marahaba, nikavua koti, nikamwomba anitafutie ndoo ya maji na chumvi.